Mwanarusi wa Saa Kumi

"Andika, mwanangu, na usipunguze hata nukta," mzee Chirau alimwambia Waziri, mpiga chapa wa pale Ukunda, nyuma ya soko. "Wallahi billahi, haya ni kweli tupu. Ikionekana nimetia chumvi hata punje moja, nitalipa mbele za watu, chochote nitakachoambiwa."

"Na hayo niyaandike?" Waziri aliuliza.

"Hayo ndiyo ya kwanza."

Waziri akaandika. Wateja wawili watatu walikuwa wamewapa mgongo, wakisubiri mashine ya kutoa nakala ipoe. Mzee alinyoosha mkono wenye karatasi mpaka mwisho wa urefu wake, maana tangu katikati ya mwaka alikuwa hana miwani, akakohoa, akaanza kusoma.

*

Mwaka huu wa 1999, hoteli moja ya Diani, jina lake tuliache, ilifungwa tangu Aprili kwa ajili ya masika na matengenezo. Wageni wa kwanza, watu themanini wa ndege moja, walitarajiwa Jumamosi ya kwanza ya Julai. Meneja, bwana Sanga, alikuwa amemwajiri msichana aitwaye Mwelu Kitonga aangalie kompyuta, kwa majaribio ya miezi mitatu, na miezi hiyo ilikuwa inamalizika Jumamosi hiyo hiyo.

"Kompyuta za mapokezi zikigoma mbele ya wageni," Sanga alimwambia, "usisumbuke kuja kuniaga. Lango la nyuma unalijua."

Mwelu alikuwa mtoto wa mashamba ya Shimba Hills, wazazi wake Wakamba waliohamia huko kulima. Babake alikuwa ameshatangaza kanisani, kwa sauti, kwamba bintiye ameshika hoteli nzima mkononi. Kwa hiyo lango la nyuma lilikuwa mbali kuliko linavyoonekana. Lingemfikisha mpaka kwenye benchi la kanisa.

Kazi hiyo aliipokea kutoka kwa mzee mmoja aliyestaafu, mtu mwerevu mno, aliyejifundisha kompyuta mwenyewe bila mwalimu, na mwenye sura nzuri kwa umri wake.

("Hilo nalo?" Waziri aliuliza. "Na hilo," alisema mzee.)

Kompyuta kumi na nne za hoteli zilikuwa na bwana mmoja, seva kuu, iliyokaa ofisi ya uhasibu. Mtu akiketi na kuandika jina lake na neno la siri, seva humtambua, humtazama yumo kikundi gani, kisha humpa kanuni za kikundi chake. Wa mapokezi wafungue programu hizi, wa jikoni zile, na anayejaribu isiyo yake azuiwe. Kanuni zote zilikuwa ndani ya faili moja. Mwelu alikuwa ameandika faili jipya, akawaruhusu watu wa mapokezi programu mpya ya kuandikisha wageni. Jumatatu asubuhi kila kitu kilifanya kazi. Adhuhuri kilifanya kazi.

Saa kumi alasiri, Katana, karani wa mapokezi, alifunga kompyuta yake, akaiwasha, akaandika jina lake. Akabofya ile programu mpya. Kompyuta ikamwambia hana ruhusa. Akatoka ili aingie upya, na hapo, kabla hajaulizwa jina, kisanduku cheusi kikatokea katikati ya skrini:

*Mwanarusi hapa. Nikuunganishe na nani?*

Kiti kilianguka. Mwelu alipofika mbio, Katana alikuwa ameshavuka ukumbi mtupu na kufika mlangoni.

"Dada Mwelu, naenda msalani mara moja."

Hakurudi mpaka kesho yake asubuhi.

Mwelu aliipekua seva kuu. Alilifungua faili lake la kanuni akalisoma mstari kwa mstari, na maneno yale hayakuwemo. Katika kompyuta zile kuna amri fupi ya kuuliza ni seva gani iliyokupokea. Aliketi kwenye kiti cha Katana, akauliza. Alitegemea kuona jina la seva yake. Jibu lilikuwa neno moja: MWANARUSI.

Akaenda kutazama daftari la makabidhiano aliloachiwa na yule mzee. Ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko mzuri, ulisema: "Seva ya akiba, Mwanarusi. Ilikufa 1997. Hakuna haja ya kuitafuta."

*

Jumanne alikwenda kwa Bi Jumwa, mkuu wa dobi, ambaye alikuwa hotelini kabla ya hata minazi ya bwawa kupandwa.

"Shikamoo, Bi Jumwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona midomo imekukauka?"

"Mwanarusi ni nani?"

Bi Jumwa aliisimamisha pasi. Wanawake wawili waliokuwa wakikunja mashuka nao wakasimama, shuka likiwa limetanda katikati yao.

"Nani amekutajia?"

"Kompyuta."

"Basi usije ukasema ni mimi." Alishusha sauti. "Mwanarusi alikuwa mpokea simu wetu. Mtu wa Msambweni. Zamu yake ilianza saa kumi jioni, hakuchelewa hata siku moja. Ukipiga simu hoteli hii kutoka popote, ni yeye: 'Mwanarusi hapa. Nikuunganishe na nani?' Alhamisi alikuja kazini. Ijumaa tukamzika. Huu unaingia mwaka wa tatu."

"Na mashine yake?"

Bi Jumwa aliinyanyua pasi. "Shuka hizi haziwezi kunisubiri, mama."

Mwelu hakuwa mtu wa kushtushwa na kivuli. Lakini alirudi ofisini akipita katikati ya viti vilivyopinduliwa juu ya meza, na mvua ikipiga makuti, na mara mbili aligeuka kutazama nyuma.

Jumatano akaamua kuutega mtego. Alitunga mtu. Alimpa jina la Muasya, mtu asiyekuwepo hotelini wala kwingineko, akamwandikisha kwenye seva kuu saa tisa alasiri, akamtia kikundi cha mapokezi. Mashine iliyokufa tangu 1997 ingemjuaje mtu aliyezaliwa saa tisa? Ilipofika saa kumi aliingia kwa jina hilo.

Ikampokea bila kusita. Ikajua yumo kikundi gani, ikampa kanuni za zamani. Mwelu akauliza nani amempokea Muasya.

MWANARUSI.

Usiku huo, kama kila usiku wa wiki ile tangu Jumatatu hadi Ijumaa, alilala na Biblia chini ya mto.

Lakini Alhamisi akili yake ilianza kuuliza maswali ya kazi. Kwa nini saa kumi? Kila siku saa kumi seva kuu ilikuwa na shughuli yake, ikinakili kumbukumbu zote za hoteli kwenye kanda, na wakati huo ilikuwa nzito, haijibu upesi. Akaihamisha shughuli hiyo hadi saa nne asubuhi. Saa nne ilipofika, Katana akaingia, na kisanduku cheusi kikamsalimu mchana kweupe.

"Ameanza zamu ya asubuhi!" Katana alipiga kelele. "Dada, wewe umemchokoza!"

Mwelu akafahamu. Seva ya akiba haikufa. Ilikuwa mahali fulani, hai, na kila bwana mkubwa anaposhughulika, yeye hujibu mlango. Majina ya watu ilikuwa ikiyavuta yenyewe kutoka seva kuu kila baada ya dakika chache, ndiyo maana ilimjua Muasya. Lakini faili la kanuni haliendi lenyewe mpaka mtu alipange liende, na hakuna aliyelipanga. Mwanarusi alikuwa akitoa amri za 1997, pamoja na salamu ile iliyoandikwa ndani yake, kwa watu wa 1999. Na mbaya zaidi, amri zile zikishaingia kwenye kompyuta hubaki, kama chale za mganga kifuani, mpaka amri nyingine ije izifute.

Alijaribu kuipelekea faili jipya kwa waya. Ikajibu kwamba diski imejaa, hakuna nafasi.

Akapiga hesabu ya Jumamosi. Wageni themanini kwa mpigo, kila meza ina mtu anayeandika. Seva kuu itashughulika mchana kutwa. Mchana kutwa milango itafunguliwa na Mwanarusi, na programu ya wageni haitafunguka hata mara moja. Ilikuwa lazima aipate hiyo mashine, na aipate kesho.

*

Ijumaa baada ya swala aliufuata waya wa mtandao kwa ngazi na tochi. Ulitoka uhasibu, ukapita juu ya dari ya mkahawa ambako popo walimtazama, ukatambaa ukutani nyuma ya jiko, ukaingia dobi. Pale ukazama kwenye tundu la ukuta, kando ya mlango mdogo wa buluu wenye kufuli.

Bi Jumwa alisimama mbele ya mlango ule na mikono kiunoni.

"Humo ndimo alimokuwa akikaa na simu zake."

"Niazime ufunguo, Bi Jumwa. Kesho nafukuzwa kazi."

"Ufunguo ninao. Ruhusa ndiyo sina." Akamvuta pembeni. "Sikiliza. Kuna mashine humo. Zamani wafagiaji walikuwa wakichomoa waya wake ili wachomeke mashine ya kusugua sakafu, kila siku, na hoteli nzima inapiga kelele. Asubuhi moja tukaikuta imefungwa nguo tatu, nyeupe, nyeusi na nyekundu. Unajua, nguo za pepo. Aliyeifunga hatumjui. Tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa, si mfagiaji, si fundi, si meneja. Kila Ijumaa tunamwekea halua na marashi, ili atuache tufanye kazi."

"Na halua inakwenda wapi?"

"Anakula."

"Panya, Bi Jumwa."

"Panya anarudisha kawa juu ya kisahani? Leo nimeweka saa nane. Ingia ukatazame."

Mwelu akaupokea ufunguo. Wanawake wa dobi walirudi nyuma mpaka ukutani. Alipiga hodi mara tatu. Hakuna aliyeitika. Akafungua.

Hewa ya ndani ilikuwa na joto la pumzi. Harufu ya marashi ilikuwa imejaa chumba kizima. Upande mmoja kulikuwa na ubao wa zamani wa simu, vishimo vyake vitupu, kiti chake kimesogezwa kidogo kama mtu aliyeondoka sasa hivi. Upande wa pili, juu ya meza, kitu kilichofungwa nguo tatu kilikuwa kikinguruma polepole. Chini ya nguo mwanga ulikuwa ukitembea, kutoka kulia kwenda kushoto, ukitoweka na kurudi. Sakafuni kulikuwa na kisahani kilichofunikwa kawa. Mwelu akainua kawa kwa kidole kimoja. Halua ya saa nane haikuwepo. Mafuta yake yalikuwa bado yanang'aa, na ndani ya mafuta kulikuwa na alama za vidole.

Akainua pindo la nguo, nyekundu, nyeusi, nyeupe, kiasi cha uso wake kupita. Skrini ilikuwa imemkaribia kama uso wa mtu. Maneno yalitambaa juu yake bila kukoma.

*Mwanarusi hapa. Nikuunganishe na nani?*

Watu wa kwao na watu wa pwani wanapatana katika hili, kwamba ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Mwelu alilijua. Lakini alijua pia kwamba mtu aliyefanya kazi yake vizuri miaka yote hiyo hapaswi kuachwa bila jibu.

"Niunganishe na wageni wa kesho," alisema kwa sauti.

Akaandika neno la siri. Mashine ikamkubali.

Kilichojaza diski kilikuwa daftari la mapokezi. Tangu 1997 Mwanarusi alikuwa ameandika kila mtu aliyempokea, siku, saa, dakika, jina. Walikuwemo waliohamia Nairobi. Walikuwemo waliokufa. Alikuwemo Muasya. Mwelu aliifuta mistari ile akihisi kwamba anafuta kaburi, akalivuta faili jipya la kanuni kutoka seva kuu, likaingia. Kisha akaiamuru mashine ijizime na kujiwasha.

Ngurumo ikakatika. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili chumba kile kilinyamaza, na ukimya ule ulisikika mpaka dobi, maana pasi zote zilisimama. Hapo ndipo Mwelu aliposikia, au alidhani amesikia, mtu akivuta pumzi nyuma ya kiti cha simu.

Halafu mashine ikaamka, ikaanza tena kunguruma, na maneno yakarudi kutambaa. Akairudishia nguo zake, nyeupe, nyeusi, nyekundu, akatoka kinyumenyume.

Jumamosi wageni themanini waliingia na masanduku yao. Seva kuu ikaelemewa, kama Mwelu alivyotabiri. Katana, jasho likimtoka, aliuliza nani amempokea, akajibiwa MWANARUSI, akafumba macho, akabofya. Programu ikafunguka. Jioni bwana Sanga alimwita Mwelu ofisini, akampa barua ya kazi ya kudumu. Na wakati huo huo mgeni wa themanini anapokea ufunguo wake, kule nyuma ya dobi, kwenye ubao usio na hata waya mmoja, simu ikalia mara moja...

*

"Haikulia, babu."

Mzee Chirau alishusha karatasi. Mmoja wa wateja alikuwa ameugeuzia mgongo ule mtambo wa nakala. Bila miwani alimwona kama ukungu, lakini sauti aliijua.

"Mwelu! Mwanangu, kumbe upo hapa?"

"Nipo tangu kiapo. Shikamoo."

"Marahaba," alisema mzee, kwa unyonge.

"Mengine umeyapata sawa, naona Bi Jumwa amekueleza yote. Pumzi nyuma ya kiti haikuwa kitu, ulikuwa upepo, maana chumba kile kina mlango wa pili, unaotokea nje, kwenye uzio wa nyuma, na ulikuwa wazi. Lakini kuna jambo umelisahau." Alifungua mkoba, akaweka kitu juu ya meza ya Waziri. Ilikuwa miwani, mguu mmoja umefungwa kwa uzi wa mshipi. "Niliikuta pembeni ya kisahani. Imejaa mafuta ya halua."

Waziri aliitazama miwani, akamtazama mzee, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Miwani hufanana," alisema mzee Chirau.

"Ivae basi tuone."

Akaivaa. Ilimkaa kama iliyoota puani. Akamwona Mwelu vizuri kwa mara ya kwanza siku hiyo, na Mwelu hakuwa akicheka.

"Nguo tatu ulifunga wewe," Mwelu alisema. "Ili wafagiaji wasichomoe waya."

"Niliwaomba kwa mdomo mwaka mzima. Nguo walizisikia siku moja."

"Hapo nakupa heko. Lakini daftarini uliandika imekufa."

"Meneja wa wakati ule aliamuru itupwe. Ningeandika nini?"

"Ungeniambia mimi, babu. Nililala siku tano na Biblia chini ya mto. Ningefukuzwa kazi, na baba yangu akae wapi kanisani?"

"Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka." Aliisugua miwani kwa ncha ya kanzu. "Lakini kila nikifikiri kusema, inafika Ijumaa. Na halua ya Bi Jumwa, wewe umewahi kuionja?"

Waziri alikuwa ameinamia skrini yake, akasoma polepole, neno kwa neno. "'Nitalipa mbele za watu, chochote nitakachoambiwa.' Nimeiandika, mzee. Ulisema nisipunguze nukta."

*

Ijumaa iliyofuata, saa kumi kasorobo, mzee Chirau aliingia dobi kwa mlango wa mbele, amebeba sinia la halua aliyoipika yeye mwenyewe, mkono umebabuka kwa mvuke. Wanawake wote walikuwa wamejipanga. Alimsimulia Bi Jumwa kila kitu kwa kinywa chake, bila chumvi. Bi Jumwa alimsikiliza mpaka mwisho, pasi mkononi, na wanawake wakacheka mpaka wakakaa chini. Bi Jumwa hakucheka.

"Nyingine tutakula sisi," alisema. "Kipande cha kwanza ni chake. Kakiweke mwenyewe. Na leo usile."

Mlango wa buluu ulifunguliwa. Mzee akaingia peke yake, akaweka halua kwenye kisahani, akafunika kawa. Alipoinuka, mwanga ulikuwa ukitembea chini ya nguo. Akalifunua pindo.

Maneno yale aliyaandika yeye, alasiri moja ya mwaka 1997, kwa sababu alikuwa amekaa miaka tisa kwenye chumba kile akitengeneza nyaya pembeni ya mwanamke anayeyasema, na kimya kilichofuata hakukiweza. Alikuwa ameyasoma kila Ijumaa huku akilamba vidole. Leo aliyasoma na miwani safi, mikono mitupu.

*Mwanarusi hapa. Nikuunganishe na nani?*

Mzee Chirau, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alifumbua kinywa. Nyuma yake, dobi, pasi zote zilikuwa zimesimama zikingoja jibu lake.